Maiki ya Pyo Man-shik

"Vifaa vyote ninavyo hapa hapa nyumbani," Pyo Man-shik aliiambia simu. Mkewe, aliyekuwa akikata figili jikoni, akaweka kisu chini ili asikie vizuri uongo huo unaelekea wapi.

Aliyepiga alikuwa Bwana Tak, mwenye kampuni ya kutengeneza muziki wa mashine za karaoke, ule muziki mtupu ambao watu huuimbia baada ya kazi wakishalewa kidogo. Mpiga gitaa wake alikuwa ameacha kazi akaenda kufungua duka la kuku wa kukaanga, kama wafanyavyo wanaume wa nchi hii wakishachoka kufikiri. Sasa Bwana Tak alitaka mwingine. Hakukuwa na studio ya kwenda. Siku hizi, alisema, kila mpigaji hujirekodi kwake kwenye kompyuta na kutuma faili. Angemtumia wimbo mmoja wa majaribio, gitaa lipigwe juu yake, lirudi kabla ya Ijumaa kwisha. Likimpendeza, kazi ingekuwa ya kila wiki.

"Ijumaa mbali, Bosi. Utakuwa umeshachoka kulisikiliza," Man-shik akasema, akakata simu, akabaki ameishika kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiye wake.

"Vifaa gani, Baba Eun-gyo?" mkewe akauliza.

"Vifaa tu."

"Vitaje."

Kwa kweli gitaa alikuwa nalo. Alikuwa na amplifaya pia, kubwa kama mashine ya kufulia, iliyofunikwa shuka la maua pembeni mwa sebule kwa sababu tangu wahamie jengo la 104 hakuna aliyethubutu kuiwasha. Katika ghorofa zetu hizi ukidondosha kijiko, jirani wa chini anajua ni kijiko cha supu au cha wali. Kompyuta ilikuwapo, lakini ilikuwa ya binti yao Eun-gyo, ambaye kwa mwaka wa tatu alikuwa akiitazama mchana kutwa akijiandaa kwa mtihani wa utumishi wa umma. Jinsi ya kulitoa gitaa huku na kuliingiza kwenye kompyuta kule, Man-shik hakuijua.

Alichokijua vizuri ni kile kilichoning'inia mlangoni mwa chumba chao. Kilikuwa sare ya buluu ya mlinzi wa majengo, bado imo katika mfuko wake wa plastiki. Shemeji yake Do Chang-gil, meneja wa ofisi ya majengo haya haya, ndiye aliyeileta. Ukumbi wa dansi aliokuwa akipigia Man-shik ulikuwa umegeuzwa kituo cha kulelea wazee, na baadhi ya wateja walikuwa wale wale. Chang-gil alimtafutia nafasi ya ulinzi, akasema angekuja Ijumaa kupata jibu. Kwa hiyo Ijumaa hiyo Man-shik angekuwa ama mpiga gitaa, ama mtu wa kupokea vifurushi vya majirani zake na kuwainamia asubuhi wakienda kazini.

* * *

"Unahitaji kisanduku cha sauti, Baba," Eun-gyo alisema wakati wa chakula cha jioni. "Kidogo tu, kama kitabu. Huku unachomeka gitaa, huku unachomeka kompyuta. Unavaa hedfoni, unapiga. Sauti ya amplifaya inatengenezwa na programu, tena ya bure. Na hakuna jirani atakayesikia kitu."

"Programu," Man-shik akasema, na uso wake ukakunjamana kama aliyenusa samaki wa juzi. "Sauti ya gitaa inatoka kwenye spika. Inasukuma hewa. Hiyo yako ni sauti ya tambi za ramyeon, mtu anamwaga maji ya moto halafu anasema amepika."

"Ramyeon ndiyo uliyokula mchana," mkewe akasema, "na bakuli ulilifanya kama limeoshwa."

"Mama Eun-gyo, haya mambo ya kitaalamu."

"Ya kitaalamu sawa. Bei yake je?"

Eun-gyo akataja bei ya kisanduku kipya cha hali ya chini. Mama Eun-gyo alikuwa mpishi katika shule ya msingi. Mshahara wake aliujua ulivyo na mifuko yake aliijua ilivyo. Alikwenda chumbani, akarudi na bahasha aliyoitenga kwa kabichi na pilipili, maana msimu wa kutia kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili ya kula mwaka mzima, ulikuwa umekaribia. Akahesabu noti mbele ya mumewe polepole, kwa makusudi.

"Hii ni pilipili yetu," akamwambia. "Kisanduku tu. Ukirudi na kitu kingine, mwaka huu utakula kabichi nyeupe kama ya hospitali."

Usiku ule ule Man-shik akaingia katika baraza la mtandaoni la wapenda gitaa, akauliza kwa adabu njia ya bei nafuu ya kurekodi gitaa la umeme nyumbani. Majibu yalimwagika. Mmoja alisema bei nafuu ni matusi. Mwingine alisema waya peke yake usiwe wa chini ya mshahara wa mwezi. Wa tatu, aliyejiita Mfalme wa Ngurumo, aliandika kwamba anayerekodi bila spika na maiki ni afadhali auze gitaa anunue filimbi ya mtoto. Man-shik aliyasoma maneno ya Mfalme mara nyingi, akitikisa kichwa kwa kukubali. Hakuwa na njia ya kujua kwamba Mfalme mwenyewe anaishi kwa mama yake, katika ghorofa kama hizi, na amplifaya yake hajawahi kuifungua zaidi ya alama ya kwanza.

* * *

Kesho yake alipanda treni hadi Seoul, kwenye jengo la maduka ya vyombo vya muziki. Kijana muuzaji mwenye nywele hadi mabegani alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu, baba. Unamtafutia mjukuu?"

Neno hilo lilimchoma Man-shik kuliko sare ya mlangoni. Akasema anataka kisanduku cha sauti. Kijana akakitoa kabatini, na kweli kilikuwa kama kitabu, na bei ilikuwa ile ile ya bahasha. Mambo yangeishia hapo, na hadithi hii isingekuwapo, kama Man-shik asingenyoosha mkono kukishika.

"Hebu!" kijana akasema, akiangalia ncha za vidole vyake, ngumu kama kwato. "Samahani sana, Mwalimu! Sikukutambua. Mwalimu ulipiga wapi?"

Hapo mtu wetu alikwisha. Kuna mtu wa kuitwa bosi, na kuna mtu wa kuitwa baba na kila muuza mboga, lakini kuitwa mwalimu kwa ajili ya gitaa ni jambo ambalo Man-shik hakuwa amelisikia tangu ukumbi ufungwe. Alieleza. Alieleza kwa kirefu. Kijana akawa anaitikia "Ahaa, Mwalimu," huku akikirudisha kisanduku kabatini kwa mkono wa pili.

"Hicho ni cha watoto wa shule," akasema. "Mwalimu unayo amplifaya yako mwenyewe, sivyo? Basi Mwalimu unahitaji maiki ya kuweka mbele ya spika. Chuma kitupu. Ukipiga, inasikia mpaka pumzi zako."

Aliiweka maiki mkononi mwake. Ilikuwa nzito na baridi, na ilimkumbusha jukwaa. Man-shik alitoa bahasha ya pilipili bila kuuliza swali hata moja, na muuzaji akamsindikiza hadi kwenye lifti, akainama mpaka mlango ulipofungwa.

* * *

Alipofika nyumbani mkewe alikuwa bado kazini. Alivua shuka la maua, akaisimamisha maiki mbele ya spika, akachomeka gitaa kwenye amplifaya, akapiga mara moja. Sauti ile! Glasi zililia kabatini. Man-shik alifumba macho, akapiga tena.

Hakumaliza kordi ya tatu. Spika ya darini, ile iliyomo katika sebule ya kila nyumba hapa na ambayo hakuna awezaye kuizima, ilikohoa. Maiki ya ofisi ilikuwa mbovu kwa miaka, kila tangazo lilitoka likikwaruza kama mtu anayezungumzia ndani ya ndoo.

"Ofisi inatangaza. Wakazi wapendwa. Krrr. Kuna nyumba katika jengo la 104 inayopiga gitaa krrr umeme. Tafadhali tuwafikirie jirani zetu krrr."

Ilikuwa sauti ya shemeji yake. Hakutaja nyumba, kwa sababu hapa hakuna anayetajwa na kila mtu anajulikana.

Man-shik alizima amplifaya, akajifariji kwamba angerekodi kwa sauti ndogo. Akachukua waya wa maiki kwenda kuuchomeka kwenye kompyuta ya binti yake. Kichwa cha waya kilikuwa kinene, chenye pini tatu. Aliizunguka kompyuta mbele na nyuma, akaigeuza, akaipapasa chini kama daktari wa ng'ombe. Hapakuwa na mahali pa kitu kama hicho.

"Baba," Eun-gyo akasema, akiwa amesimama mlangoni na daftari lake, "hiyo haiingii kwenye kompyuta. Lazima ipitie kwenye kisanduku."

"Kisanduku gani?"

"Kile kile."

Mama Eun-gyo aliporudi alisimuliwa. Aliipima maiki mkononi kama figili ya sokoni.

"Nzito kweli," akasema. "Pilipili ya mwaka mzima. Hebu niambie, alikuita nani?"

"Nani?"

"Muuzaji. Alikuita bosi au mwalimu?"

Man-shik akainama kuukunja waya wa maiki.

"Nilijua. Ungeitwa daktari ungerudi na gari la wagonjwa."

* * *

Eun-gyo ndiye aliyekipata kisanduku, kwenye programu ya simu ambayo watu wa mtaa mmoja huuziana mitumba. Kilikuwa cha bei ya kutupwa, na muuzaji alikuwa karibu, alisema wakutane mlango wa jengo la 104. Man-shik akashuka na ndara zake, bila hata hiyo bei ya kutupwa, akitumaini kuomba muda. Akamkuta mzee mfupi mwenye mfuko wa karatasi. Walitazamana.

"Wewe ni wa 803," mzee akasema.

"Na wewe wa 703."

Alikuwa Bwana Ma, jirani wa chini, aliyepiga simu ofisini juu ya zile kordi. Kwa miaka yote waliyoishi, miguu ya mmoja juu ya kichwa cha mwenzake, hawakuwahi kuambiana neno uso kwa uso. Malalamiko yote yalipanda na kushuka kupitia ofisini. Bwana Ma alikuwa amenunua kisanduku ajifunze kurekodi nyimbo zake za kizamani, mkewe akamwambia achague kati ya nyimbo na chakula cha jioni.

"Kama ni kwa ajili ya lile gitaa, siuzi," akasema, na kuukumbatia mfuko.

"Bwana Ma, hiki ndicho kitakachoninyamazisha! Unavaa hedfoni, hakuna kinachosikika nje."

"Na ile inayotetemesha glasi zangu?"

"Itakaa kimya."

"Maneno. Nipe hiyo inayotetemesha, uchukue hiki."

Man-shik alidhani anataniwa. Bwana Ma hakuwa mtu wa utani. Hakuwa na haja ya amplifaya. Alitaka tu iwe kwake, chini ya macho yake, imezimwa. Man-shik alisema ile amplifaya amezunguka nayo nchi nzima, ameibeba mgongoni kwenye theluji. Bwana Ma akasema basi, akageuka kuelekea lifti. Ijumaa ilikuwa kesho.

Wakaishusha pamoja, wazee wawili wenye ndara, wakipumzika kila lifti ilipofunguka kwenye ghorofa isiyo yao, kwa sababu Bwana Ma alibonyeza vitufe visivyo. Mama Eun-gyo alishika mlango. Alimwona mumewe akiipangusa vumbi kwa mkono wa shati kabla ya kuiachia, na ingawa alikuwa bado na hasira ya pilipili, alimhurumia.

* * *

Man-shik alirekodi asubuhi ya Ijumaa, amekaa kwenye kitanda cha binti yake, hedfoni masikioni. Kwa aliyekuwa nje kilichosikika ni nyuzi tu, tik-tik, kama kuku adonoaye mchele. Lakini yeye ndani ya hedfoni alisikia ukumbi mzima. Eun-gyo alikuwa amechagua katika programu sauti ya amplifaya ya zamani, na Man-shik, baada ya kununa mistari miwili, alisahau kununa. Alirudia mara chache, akaridhika.

"Hebu," mkewe akasema. Akavaa hedfoni juu ya kofia yake ya kazi, akasikiliza hadi mwisho bila kupepesa. Kisha akazivua taratibu.

"Mbona mimi hukuwahi kunipigia hivi?" akauliza, akaenda zake kazini kabla hajajibiwa.

Faili ikatumwa.

Jioni alikuja Do Chang-gil, na mfuko wa persimoni, matunda matamu yaliyokaushwa, kama mtu mstaarabu. Aliketi kwenye zulia mahali ilipokuwa amplifaya, akaitazama sare iliyokuwa bado ndani ya plastiki.

"Shemeji, maisha yamekwisha kuwa ya kompyuta. Gitaa lilishakufa. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, sawa?"

Simu ikalia. Ilikuwa ya Bwana Tak. Man-shik angeweza kuipokelea chumbani. Aliiweka mezani katikati ya persimoni, akabonyeza kitufe cha spika ili shemeji yake asikie kila neno.

"Mwalimu Pyo!" simu ikasema. "Nimesikiliza. Safi sana! Mkono huu sijausikia miaka mingi."

Man-shik alimtazama Chang-gil. Chang-gil aliacha kutafuna. Eun-gyo alitoka chumbani, na Mama Eun-gyo akasimama na kitambaa cha vyombo mkononi. Ilikuwa saa tamu kupita zote za mwaka ule.

"Na hiyo sauti," Bwana Tak akaendelea. "Umerekodi kwa kutumia nini? Kisanduku na programu, au?"

"Kisanduku!" Man-shik akacheka, akijipiga kifua. "Bosi, mimi si mtoto wa shule. Hiyo ni amplifaya yangu mwenyewe, na mbele yake maiki ya chuma kitupu. Inasikia mpaka pumzi zangu."

Eun-gyo akafungua mdomo. Mama yake akamshika mkono.

"Ahaa," simu ikasema. "Ah. Pole, Mwalimu. Unajua, sisi tunahitaji gitaa kavu, lililotoka moja kwa moja kwenye kisanduku, ili kila wimbo tuupake sauti yake wenyewe huku. Ya maiki haibadiliki. Halafu watu wa maiki walitusumbua. Mmoja alitutumia wimbo una tangazo la takataka katikati. Nilikuwa natumaini wewe ni wa kisanduku. Basi, nina kijana mmoja wa mji wa Daegu aliyekuwa wa pili. Mkono wako lakini, Mwalimu, mkono wako!"

Ilitosha kusema neno moja. Man-shik alilipata neno hilo, likamfika kooni. Lakini mbele yake alikaa shemeji yake na persimoni mkononi, akimtazama kwa heshima ambayo hakuwahi kumtazamia kabla, na neno likarudi tumboni.

"Haya, Bosi," akasema. "Kila mtu na njia yake."

"Kumbe kweli ni mwalimu!" Chang-gil akasema simu ilipokatika. "Wamekosa wao." Akachukua persimoni nyingine.

Wanawake wawili walimtazama Man-shik, na Man-shik alizitazama persimoni. Zilikuwa bado nne. Chang-gil alikuwa mtu wa kutafuna polepole, tena alisimulia, na kila alipofikia katikati ya tunda alilishusha ili aoneshe kwa mikono. Mama Eun-gyo alizisogeza mbali, mgeni akazifuata. Alipovaa viatu hatimaye, Man-shik aliirukia simu kabla mlango haujafunga.

"Bosi, ile faili ni ya kisanduku! Kavu ipo, naituma sasa hivi!"

"Aa, Mwalimu," Bwana Tak akasema kwa huruma. "Kijana wa Daegu nimeshampa neno langu. Si ungesema?"

Mama Eun-gyo alikwenda mlangoni mwa chumba, akaipasua plastiki.

* * *

Wiki ya kimchi Mama Eun-gyo na binti yake walikaa sakafuni sebuleni, wamezungukwa na kabichi, wakizipaka mchanganyiko wa pilipili ambao mwaka huo ulikuwa wa rangi ya waridi tu. Spika ya darini ikakohoa, na wote wawili wakajiandaa kwa mkwaruzo. Mkwaruzo haukuja.

"Ofisi inatangaza," sauti ikasema, safi, ya karibu, kama mtu aliyeketi kati ya kabichi. "Wakazi wapendwa. Majani ya kabichi yenye udongo yasitupwe kwenye pipa la mabaki ya chakula."

Eun-gyo akaangalia rafu ilipowekwa maiki ya baba yake. Haikuwapo. Ile ya ofisini ilikuwa imekufa kabisa, na Man-shik, sasa ndani ya sare ya buluu, alikuwa amekuja asubuhi kuchukua ya kwake. Kichwa cha waya wake, kinene chenye pini tatu, kiliingia kwenye mashine ya matangazo bila kusukumwa.

"Tena," sauti ikaendelea, "nyumba ya 603 imelalamika. Kuna nyumba katika jengo la 104 inayopiga gitaa la umeme usiku."

"Bwana Ma!" Eun-gyo akacheka. Bwana Ma, baada ya kuikodolea macho amplifaya kwa siku kadhaa, alikuwa amejinunulia gitaa la kuichomekea.

"Tafadhali tuwafikirie jirani zetu." Karatasi ya ofisi iliishia hapo. Lakini sauti haikukata. Walimsikia akimeza mate. Muuzaji hakudanganya, hata pumzi zilisikika, katika kila sebule ya majengo yote. "Anayependa gitaa anunue kisanduku kidogo, cha bei ya chini, na hedfoni. Mimi nilirekodi kwa kisanduku. Si kwa maiki. Sauti ni nzuri, hakuna mtu atakayejua tofauti. Asanteni."

Spika ikazimika. Kwa mbali, kupitia ukutani, waliwasikia watu wa 802 wakiulizana ametangaza nini. Mama Eun-gyo alikuwa na mikono miwili yenye pilipili, kwa hiyo alijifuta macho kwa sehemu ya juu ya mkono, karibu na bega.

"Maneno hayo hayo," akasema, akivuta kabichi nyingine. "Ijumaa ile yangetosha."